Tafakari ya Mwaka Mpya: Neno Tunalopewa



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuvusha salama na kutuingiza katika mwaka mpya. Siku hizi, tunapokutana mlangoni mwa kanisa, katika jumuiya na hata misibani, waamini wengi wanatuuliza swali moja: je, yafaa Mkristo Mkatoliki achague neno moja la kumwongoza mwaka mzima? Wapo waliokwisha kulichagua na kulibandika ukutani. Wapo pia wanaoiona desturi hii kuwa ngeni, au ya madhehebu mengine, nao wanaogopa kuigusa. Maoni yetu ni kwamba desturi hii ni njema na ina mizizi ndani ya Mama Kanisa, ila ina sharti moja: neno la mwaka ni neno la kupokea. Tukilibuni wenyewe kwa kufuata tamaa zetu, halitatufikisha mbali, tena laweza kuidhuru imani yetu.

Tuanze na siku yenyewe. Tarehe 1 Januari Mama Kanisa huadhimisha Sherehe ya Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, na tangu mwaka 1968, kwa mwito wa Papa Paulo VI, siku hiyo ni pia Siku ya Kuombea Amani Duniani. Somo la kwanza (Hes 6:22-27) latueleza jinsi Mungu alivyomwagiza Musa awafundishe Haruni na wanawe namna ya kuwabariki wana wa Israeli. Mwishoni Mungu mwenyewe aifafanua baraka ile: makuhani wataliweka jina lake juu ya watu wake. Injili (Lk 2:16-21) nayo yaishia siku ya nane, Mtoto anapotahiriwa na kupewa jina la Yesu, jina ambalo malaika alikuwa amelitaja kabla hajachukuliwa mimba. Basi, mwaka wetu waanza kwa habari za jina, na jina hilo latoka kwa Mungu.

Mambo ya jina twayaelewa vizuri. Katika familia zetu wamo akina Neema, Tumaini, Upendo, Amani, Baraka na Shukuru. Hakuna hata mmoja wao aliyejichagulia jina lake. Aliitwa kwa jina hilo kabla hajajua kusema, akajifunza kuitika. Alipokua alitambua kwamba jina lamdai: anayeitwa Amani akigombana na jirani, watu humwuliza kama amesahau anavyoitwa. Wenzetu wa pwani nao huyaita maandishi ya kanga "jina", na mama hanunui doti ya kumpelekea mwenzake kabla hajalisoma jina hilo, kwa maana ajua kwamba litasomwa na atakayepewa na wote watakaomwona ameivaa. Neno la mwaka lafanana na jina la namna hiyo. Twapewa, twaitwa kwalo, na watu wanaoishi nasi wana haki ya kutudai maana yake.

Desturi hii si ya leo. Katika karne ya 4, vijana waliokwenda kuishi katika jangwa la Misri walikuwa na mazoea ya kumwendea mzee wa kiroho na kumwomba awape neno. Mzee aliwapa sentensi moja fupi, wakarudi nayo vyumbani mwao, wakaishi nayo kwa miezi au miaka. Mtakatifu Antoni Abate, ambaye sikukuu yake ni tarehe 17 Januari, alilipata neno lake kanisani. Mtakatifu Atanasi, aliyeandika maisha yake, asimulia kwamba Antoni, akiwa kijana wa miaka 20 hivi na yatima aliyerithi mashamba, aliingia kanisani wakati inasomwa Injili ya yule tajiri anayeambiwa auze mali zake awape maskini (Mt 19:21). Alilisikia neno lile kana kwamba limesomwa kwa ajili yake peke yake. Akatoka, akawagawia wanakijiji mashamba, akauza vilivyobaki na kuwapa maskini, akiweka akiba kidogo kwa ajili ya dada yake. Aliporudi kanisani alisikia neno la Bwana la kutosumbukia kesho (Mt 6:34), akaitoa hata ile akiba, naye dada yake akamkabidhi kwa mabikira waaminifu. Hatusemi kwamba kila mmoja wetu auze shamba lake. Twasema tu kwamba neno la kweli lina gharama, na Antoni hakulitafuta katika matamanio yake.

Karibu na nyakati zetu, Mtakatifu Faustina Kowalska aeleza katika Shajara yake jinsi masista wenzake nchini Poland walivyokuwa wakipiga kura siku ya Mwaka Mpya ili kila mmoja apate mtakatifu wa kumsimamia mwaka mzima. Wao pia walikubali kupewa. Hata Kanisa zima limewahi kutembea na neno moja. Kuanzia tarehe 8 Desemba 2015 hadi 20 Novemba 2016, Papa Francisko alituitia Jubilei ya Huruma, na Jubilei ya mwaka 2025 ilituweka chini ya neno matumaini. Tukumbuke kwamba neno huruma halikuachwa lielee hewani: lilifungamanishwa na yale matendo 14 ya huruma, 7 ya kimwili na 7 ya kiroho, ambayo tulijifunza katika katekisimu.

Sasa tuseme wazi kinachotutia hofu. Usiku wa mkesha wa mwaka mpya, mahali pengi hutangazwa kwamba mwaka unaoanza ni mwaka wa ushindi, wa kuinuliwa, au wa mavuno yasiyo na kipimo, na watu huitikia Amina kwa sauti kuu. Hatuwadharau ndugu zetu hao, kwani wengi wao wana ari ya sala inayotushinda. Wala kuomba baraka si kosa, maana baraka ya Haruni yenyewe yaomba ulinzi na amani. Hatari huanza pale neno linapogeuzwa kuwa mkataba, tukamtia Mungu saini pasipo kumwuliza. Januari hiyo hiyo huleta ada za shule, sare, madaftari na kodi ya nyumba. Baadaye mvua yaweza kukosa, baba aweza kuachishwa kazi, mtoto aweza kuugua na kufariki. Je, mama aliyetangaziwa kwamba huu ni mwaka wake wa ushindi, akimzika mwanawe mwezi wa 6, alifanyie nini neno lile? Mara nyingi huambiwa, au hujiambia mwenyewe, kwamba imani yake ilikuwa haba. Hivyo mfiwa hutwishwa hatia juu ya msiba, na neno alilolibeba tangu mkesha lamwacha peke yake siku anapolihitaji kuliko siku zote. Wengine huacha kusali tangu siku hiyo. Jambo hili si dogo, na sisi wachungaji hatuna budi kulisema.

Tumtazame Mama yetu Maria. Naye alipewa neno na malaika, nalo lilikuwa neno la furaha kubwa. Lakini Mtoto alipotolewa hekaluni, mzee Simeoni alimtabiria upanga utakaoupenya moyo wake (Lk 2:35). Maria hakuhesabu kwamba amedanganywa. Jibu lake la Nazareti lilikuwa la kukubali kutendewa kama alivyoambiwa, na jibu hilo liliweza kusimama chini ya msalaba, kwa sababu halikujengwa juu ya hali njema. Mwinjili asema aliyahifadhi mambo yote na kuyatafakari moyoni (Lk 2:19). Hicho ndicho kielelezo chetu.

Basi, tulipateje neno hilo? Kwanza, tusiwe na haraka. Hakuna amri kwamba lazima lipatikane kabla ya saa 6 usiku wa tarehe 31 Desemba. Tarehe 30 Septemba 2019 Papa Francisko aliiweka Dominika ya Tatu ya Mwaka kuwa Dominika ya Neno la Mungu, nayo huangukia mwishoni mwa Januari. Twashauri tuzitumie wiki hizi za mwanzo kusikiliza. Tuyasome masomo ya Misa ya kila siku kwa utulivu, kwa hatua ambazo wazee wetu walituachia: kusoma, kutafakari, kusali na taamuli. Pale ambapo neno litatugusa mara ya pili na ya tatu, hasa likitugusa mahali tusipopenda kuguswa, tusimame hapo. Dominika ile itukute tumelipata.

Pili, tulipime kwa maswali matatu. Je, limetoka katika Neno la Mungu, au limetoka katika tamaa iliyokuwamo moyoni tangu mwaka jana? Je, lina jirani ndani yake? Anayepata neno kusamehe amfikirie ndugu wasiyesemezana kwa sababu ya mpaka wa shamba. Anayepata neno ukweli aikumbuke mizani ya duka lake. Anayepata neno kusikiliza amtazame mkewe na watoto wake. Je, laweza kutendwa siku ya shida? Neno mafanikio hutegemea mvua, soko na afya, lakini kusamehe, kushukuru, kusubiri na kutoa vyawezekana, kwa neema ya Mungu, hata kitandani hospitalini. Neno lililoyashinda maswali hayo halitamdanganya mtu.

Tatu, tusilifiche. Tangu miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki walitupatia Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ili imani yetu iishi katika ujirani. Ingekuwa vema kila jumuiya ichague pia neno lake moja baada ya kushirikishana Injili, na ilifungamanishe na tendo linaloonekana: mgonjwa wa kutembelewa, yatima wa kulipiwa ada, wanandoa wa kupatanishwa. Ahadi ni deni, na deni lililotajwa mbele ya mashahidi hulipwa upesi zaidi.

Bila shaka kutakuwa na siku tutakapolisahau neno letu, au kutenda kinyume chake. Tusilitupe kwa sababu hiyo. Mtoto aitwaye Neema hapotezi jina lake kwa kukosea. Mama yake humwita tena kwa jina lile lile. Kila jioni, katika kutafuta dhamiri, tujiulize tuliitikaje leo. Na pale tulipoanguka, Sakramenti ya Kitubio ipo, milango yake haijafungwa.

Wapendwa, hatujui mwaka huu umetubebea nini, wala neno halitaubadili mwaka uwe tunavyotaka. Twaomba litubadili sisi, ili lolote litakalokuja litukute tumesimama na Kristo na tumeshikana mikono na jirani zetu. Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, atufundishe kulipokea Neno na kulihifadhi moyoni. Tunawatakieni nyote, pamoja na wagonjwa na wafiwa majumbani mwenu, heri na baraka za mwaka mpya, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Amina.