Kifaa cha kuchunguza mashine kinapoiangusha

WAKENYA walipokwama Julai 2023 kufuatia shambulio dhidi ya mtandao wa eCitizen, Waziri wa Mawasiliano wa wakati huo, Bw Eliud Owalo, alieleza kuwa wavamizi walijaribu kuusonga mfumo kwa maombi mengi kupita kiasi. Tangu hapo, tukisikia kuhusu umma kunyimwa huduma, wengi wetu humwazia adui aliye mbali, akigonga lango kwa fujo hadi wenye haki washindwe kupita.

Ila huduma yaweza kukatizwa na mtu aliye ndani, tena asiye na mamlaka yoyote. Chukua kasoro iliyofichuliwa mwaka wa 2010 katika SystemTap, programu ambayo wasimamizi wa mitambo ya Linux huitumia kuchunguza yanayotendeka katika kerneli, yaani kile kiini cha mfumo kinachogawa kumbukumbu na kuamua programu ipi ifanye kazi lini.

SystemTap huyageuza maagizo ya msimamizi kuwa moduli inayopachikwa ndani ya kiini chenyewe. Humo ndimo nguvu yake ilimo, na hatari yake pia. Programu ya kawaida ikikosea, huanguka peke yake. Kiini kikivurugika, mashine nzima huzimika.

Kosa lenyewe lilikuwa la hesabu, na dogo kwa kweli. Katika toleo la 1.1, sehemu iliyonakili maneno yanayoandamana na amri ya kuanzisha programu ilichanganya nambari chanya na hasi, ikaandika kupita nafasi iliyotengewa. Ni kama karani wa langoni anayeorodhesha majina ya wageni, daftari likajaa naye akaendelea kuandika mezani, juu ya hati za wenyewe. Mtumiaji wa kawaida alihitaji tu kuanzisha programu yenye maneno mengi mno wakati uchunguzi ukiendelea. Pasingekuwa na karani, mgeni huyo angepita bila madhara.

Kasoro hiyo ilizibwa mwaka huo huo. Nyingine ikaibuka 2012, ikiwahusu watumiaji walioruhusiwa kuendesha SystemTap bila mamlaka kamili.

Nayo Julai 2024, sasisho mbovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta milioni 8.5 za Windows, kwa makadirio ya Microsoft. Hapakuwa na mvamizi. Aliyeanguka nazo ni mlinzi aliyeruhusiwa kukaa kwenye kiini.

Kwa maoni yangu, taasisi zetu hazina budi kumuuliza kila muuzaji wa vifaa vya uchunguzi: chako kinakaa wapi, na kikikosea, kitaanguka na nani?