Wezi Walioandikwa, Wenyeji Wasioandikwa

Mwanzoni mwa muhula huu mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alinyoosha mkono katikati ya mhadhara akaniuliza, kwa heshima lakini bila kupepesa macho: "Mwalimu, sisi watoto wa wakulima na wamachinga tunanufaikaje na habari za wezi wa Kiingereza waliopelekwa Australia?" Darasa zima likacheka. Nilimjibu kwa kifupi, na jibu langu halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Nililopaswa kumwambia ni hili.

Kuanzia Januari 1788, meli 11 za Kapteni Arthur Phillip zilipotia nanga Sydney Cove, hadi Januari 1868, meli ya Hougoumont iliposhusha kundi la mwisho Fremantle, Uingereza iliwahamishia Australia wafungwa zaidi ya 160,000, wanaume kwa wanawake. Wengi wao walikuwa watu wa chini kabisa, na makosa yao mengi yalikuwa ya wizi. Fukara wa Uingereza wa zama hizo aliyeishi na kufa bila kuvunja sheria aliacha alama mbili tatu tu katika daftari la kanisa: alibatizwa, akaoa, akazikwa. Fukara aliyehukumiwa kuhamishwa aliacha jalada nene. Imeandikwa kesi yake, na meli iliyombeba, na kazi aliyoijua. Umeandikwa urefu wake kwa inchi, rangi ya macho yake, makovu yake, michoro iliyochanjwa kwenye mikono yake. Huko Van Diemen's Land, kisiwa kinachoitwa leo Tasmania, karani alifungua ukurasa kwa kila mfungwa na kujaza humo kila kosa na kila adhabu, viboko vikiwa vimehesabiwa. Baadaye zikafuata hati za ruhusa ya kujitafutia kazi, misamaha yenye masharti, na mwishowe cheti cha uhuru. Mwaka 2007 UNESCO iliziingiza nyaraka za wafungwa hao katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Tusidanganyike kwamba karani yule aliwapenda. Aliandika michoro ya mikononi ili mfungwa akitoroka atambulike. Jicho la dola lilikuwa jicho la mlinzi, na mlinzi hachoki kuangalia. Hata John Caesar, mtu mweusi aliyehukumiwa miaka 7 huko Kent kwa wizi na kufika na meli zile za kwanza, tunamjua kwa sababu hiyo hiyo. Kama alizaliwa Madagaska au visiwa vya Karibi, wanahistoria wanabishana hadi leo. Lakini kwamba alikuwa na nguvu za kupindukia, kwamba njaa ilimtuma kuiba chakula, kwamba alitoroka mara kwa mara porini, na kwamba Februari 1796 alipigwa risasi baada ya gavana kutangaza zawadi ya galoni 5 za pombe kali kwa atakayemkamata, hayo yote yamo. Waafrika wangapi wa karne ya 18 walioishi huru vijijini mwao tunaweza kuwasimulia hivyo?

Nyaraka hizo pia husema uongo, na hapo ndipo kazi ya mwanahistoria inapokuwa tamu. Mfano niupendao ni wa Mary Reibey. Akiwa binti wa miaka 13 hivi alikamatwa kwa kuiba farasi, amevaa mavazi ya kiume na kujiita James Burrow. Alihukumiwa miaka 7, akafika Sydney mwaka 1792. Akaolewa, akafiwa na mume, akaendesha biashara ya meli na maghala, akawa tajiri. Mwaka 1820 alirudi Uingereza kutembea, na mwaka uliofuata akarejea. Sensa ya mwaka 1828 ilipomtaka kila mtu aeleze alifikaje kolonini, mama huyu alijaza kwamba alikuja akiwa mtu huru, mwaka 1821. Hakusema uongo kabisa, maana safari ile ya pili kweli alikuja huru! Anayesoma sensa peke yake atamwona mlowezi mwenye heshima zake; anayeilinganisha na orodha za wafungwa atamwona binti mwizi wa farasi. Leo sura yake iko kwenye noti ya dola 20 ya Australia.

Askari ni taabu zaidi kuwafuatilia. Kikosi kilikuwa mali ya dola nzima, si ya koloni, na kilipohamishwa kiliondoka na kumbukumbu zake. Kwa hiyo anayemtafuta babu yake aliyelinda wafungwa Sydney hana budi kwanza kujua namba ya kikosi, kisha apekue daftari za mishahara za Wizara ya Vita zilizoko London. Walowezi nao wamegawanyika. Yule aliyelipiwa nauli na serikali ameandikwa umri, dini, kazi, hata kama anajua kusoma. Yule aliyejilipia mara nyingi ana jina tu kwenye orodha ya abiria. Serikali huandika inachokilipia na inachokiogopa. Vingine vyote huviachia upepo.

Kwa miaka mingi familia nyingi za huko zilificha asili hiyo. Koloni la Van Diemen's Land lilibadili jina mwaka 1856, kwa sehemu ili kulikimbia doa la ufungwa. Siku hizi wajukuu wanalitafuta doa lile kwa hamu na kulitangaza kwa fahari. Sina kinyongo na fahari yao. Nina swali juu ya wale waliokuwapo nchini humo kabla ya meli yoyote kutia nanga.

Tarehe 10 Juni 1838, mahali paitwapo Myall Creek, kaskazini mwa New South Wales, wafuga ng'ombe wenye silaha waliwafunga kamba wenyeji wa Kiwirrayaraay wasiopungua 28, wengi wao wazee, wanawake na watoto, wakawatoa nje ya kambi na kuwaua, kisha wakaichoma miili. Watu 11 walishtakiwa, wote wafungwa au waliowahi kuwa wafungwa. Mlowezi mzaliwa huru aliyekuwa kiongozi wao, John Fleming, hakukamatwa kamwe. Shahidi mkuu alikuwa George Anderson, naye mfungwa, mlinzi wa kibanda aliyekataa kushiriki. Baraza la kwanza la wazee wa mahakama liliwaachia wote. Kesi ya pili ikawatia hatiani 7, nao wakanyongwa Desemba 18 mwaka huo huo.

Sasa linganisha karatasi. Wauaji wanafahamika kwa majina yao, makosa yao ya awali, meli zao. Shtaka la kwanza lilihitaji kumtaja marehemu, na lililopatikana ni "Daddy", yaani Baba, jina la utani ambalo wafuga ng'ombe walimpa mzee mmoja mwenye mwili mkubwa. Mzee yule alikuwa na jina alilopewa na mama yake. Hakuna karani aliyeliuliza. Na hiyo ndiyo kesi iliyofika mahakamani! Miezi michache kabla yake, polisi wa farasi chini ya Meja James Nunn, askari wa malkia, waliwashambulia wenyeji huko Waterloo Creek, na hakuna aliyeshtakiwa. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo.

Wenyeji waliingia katika daftari hasa pale serikali ilipowagawia blanketi, au ilipowanyang'anya watoto. Katiba ya shirikisho ya mwaka 1901 iliagiza kwamba katika kuhesabu watu wa nchi, wenyeji wasihesabiwe. Kifungu hicho kilifutwa kwa kura ya maoni ya mwaka 1967. Ripoti ya mwaka 1997 kuhusu watoto walioporwa ilipendekeza kwamba kumbukumbu yoyote inayowahusu wenyeji na watoto wao isiharibiwe, kwa kuwa majalada ya maofisa waliowachukua ndiyo njia ya wengi kurudi kwao. Profesa Lyndall Ryan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Newcastle walipoanza kuchora ramani ya mauaji ya halaiki, walilazimika kuokoteza ushahidi kutoka barua, magazeti na shajara za wauaji wenyewe.

Nawaandikia hasa ndugu zangu watumishi wa umma mnaoshika funguo za masjala. Babu yangu alikuwa askari wa Keya, akapelekwa Burma. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda katika ofisi moja kutafuta daftari la walioandikishwa wilayani kwetu. Kijana wa masjala, mpole kabisa, akanieleza kwamba makabrasha ya zamani yalichomwa ili kupata nafasi. Namba ya babu ilikuwa mle. Baba yangu alikuwa bado hai. Nilirudi nyumbani sina la kumwambia. Mwizi wa leso wa London wa mwaka 1830 namjua urefu wake. Wa babu yangu siujui.

Mwanafunzi yule alinifuata ofisini juma lililopita. Anataka kuandika tasnifu yake kuhusu madaftari ya kodi ya kichwa ya wilaya yao. Amesikia kwamba bado yapo, kwenye chumba nyuma ya ofisi ya zamani. Nimemtia sahihi barua ya utambulisho siku hiyo hiyo na kumsihi asingoje likizo, maana ofisi ile inahamia jengo jipya mwezi ujao.