Tulichapwa, tukawa watu?

Wadau, kauli hii utaisikia kuanzia Segese hadi Kahama mjini: "Mbona sisi tulichapwa na tumekuwa watu?" Sawa, tumekuwa watu. Swali langu ni watu wa namna gani, mlango ukishafungwa tukabaki wawili?

Utafiti wa kitaifa wa 2009, uliotolewa 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Wapigaji wengi walikuwa ndugu na walimu wao, siyo wageni. Hapo ndipo ubaya ulipo. Mkono unaomlisha mtoto ndio huo huo unaomtwanga, kwa hiyo anakua akijua kwamba anayekupenda lazima umwogope.

Miaka 20 baadaye mtoto huyo ni mume wa mtu, mchimbaji. Mke akiuliza hela ya matumizi imekwenda wapi, yeye anasikia anagombezwa kama zamani, anainua mkono. Au ni mke: mume akipaza sauti kidogo tu, anakuwa bubu wiki nzima. Majirani wanasema ana kiburi. Kumbe ni woga wa utotoni.

Siyo kila aliyechapwa anaishia hivyo. Wapo waliopata bibi au mjomba wa kuwasikiliza. Lakini samaki hukunjwa angali mbichi, na aliyekunjwa kwa woga hukauka nao.

Nyie mnaopanga harusi, kabla ya kuchagua ukumbi ulizaneni: kwenu mtoto akikosea alifanywaje?