Shuka Garini, Mheshimiwa

Juzi nilikaa kwenye semina ya "fursa za uwekezaji" katika hoteli moja hapa Dodoma, zile semina ambazo posho ndiyo ajenda namba moja. Mtoa mada akasimama, akapangusa mdomo na kusema bila haya: "Tuseme ukweli, ndugu zangu, Dodoma haina vivutio. Mgeni wa Dodoma anakuja kwa kikao, kikao kikiisha anaondoka." Ukumbi mzima ukaangua kicheko cha kukubali. Pale mezani, mbele yake, palikuwa na chupa ya mvinyo kutoka Afrika Kusini. Ndani ya Dodoma! Ni sawa na kumkaribisha mtu Pemba kwa karafuu za Indonesia.

Ukumbini nilinyamaza, maana nililelewa. Leo nasema.

Maneno hayo hakuyaanza yeye. Wabunge wanayo, watumishi waliohamia huku baada ya tangazo la mwaka 2016 la Serikali kuhamia Dodoma wanayo, abiria wa treni ya mwendokasi wanayarudia wakiwa bado wamekalia viti: vumbi, jua, mibuyu, basi. Lakini chini yake kuna imani kubwa zaidi, na hiyo ndiyo ninayoitafuta leo. Tumeaminishwa kwamba utalii ni kukaa ndani ya gari lililofunguliwa paa ukimtazama simba aliyelala. Pasipo simba wala bahari, hapana kitu. Na anayetembea kwa miguu, huyo ama amefilisika ama gari lake limekufa njiani.

Sitanii. Niliwahi kumchukua shemeji yangu, mtu wa Dar es Salaam, tukateremka kwenye daladala pale Bihawana, barabara ya Iringa, tukashika njia ya ng'ombe katikati ya mashamba ya zabibu. Tulimkuta mama mmoja akivuna. Mkono mmoja ameshika mkasi, wa pili anainua majani, kreti ya plastiki iko miguuni. "Mbukwa, mama," nikamwamkia. "Mbukwenyi. Poleni, wanangu, gari limeharibikia wapi?" Nikamwambia hatuna gari, tunatembea tu. Akatazama viatu vya shemeji, akatazama na tumbo lake. "Mnatembea mnakwenda wapi?" Hatuendi popote, mama. Alicheka mpaka akakalia kreti. Kisha akatukatia vishada, akavipangusa vumbi la salfa kwa upindo wa khanga. Zabibu nyeusi, ndogondogo, zenye joto la jua, na mbegu zake unazitafuna hivyo hivyo. Shemeji, ambaye alikuwa akilalamika tangu tuliposhuka, akala vishada viwili na kuuliza ekari moja inauzwaje. Watu wa Dar, ukiwaonyesha mandhari wanaona kiwanja. Nitalirudia hilo.

Wanaosema hakuna cha kuona wajue kwanza walichokikanyaga. Wamisionari wa Kikatoliki waliotia mzabibu katika udongo wa Bihawana mwaka 1957 walikuja na mche wa nchi za baridi, mti ambao kwao hulala usingizi mrefu kila mwaka. Hapa haulali. Ukikatiwa matawi kwa mpango, unazaa mara mbili: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mkulima wa Ufaransa anasubiri mwaka mzima kuona kile ambacho mkulima wa Hombolo, Makutupora au Mpunguzi anakiona kila baada ya miezi michache. Kuna aina yetu wenyewe inayobeba jina la Makutupora, na kituo cha utafiti wa zabibu kiko hapo hapo. Halafu mtu anasimama na kipaza sauti kusema hatuna kitu.

"Lakini nani atalipa ili atembee?" Swali hili niliulizwa pale pale kwenye semina, wakati wa chai, nilipodokeza utalii wa miguu, na mtu mwenye shahada ya uzamili. Naomba nimjibu polepole. Kilimanjaro ni nini? Ni njia ya miguu. Huko juu hakuna simba wala twiga, na ufuko wa bahari uko mbali. Kuna njia, kuna mawe, kuna baridi, kuna mtu anatapika saa nane za usiku. Na makumi ya maelfu ya wageni huja kila mwaka, wakilipa ada ya hifadhi ya dola 70 kwa siku kabla ya kodi, kabla ya mpagazi, kabla ya mpishi, kwa ajili ya kutembea. Bidhaa yetu maarufu kuliko zote duniani ni kutembea kwa miguu, na bado tunakaa kwenye viyoyozi tukiulizana nani atalipa ili atembee. Ondoa kutembea kwenye Kilimanjaro, unabaki na picha kwenye chupa ya bia.

Kama Kilimanjaro ni mrefu mno kwa watu wa semina, basi tushuke. Ujerumani, kusini kidogo ya Bonn, kuna bonde la mto Ahr. Ni eneo dogo la zabibu, hekta zisizofika 600. Wajerumani wamechora humo njia ya miguu ya kilomita kama 35, kutoka Bad Bodendorf hadi Altenahr, inayokata katikati ya mizabibu iliyopandwa kwenye miteremko. Unapita magofu ya nyumba ya watawa ya Marienthal. Unapita handaki ambalo serikali ya Ujerumani Magharibi ililiandaa ijifiche bomu la nyuklia likija, na leo unakata tiketi kuliingia. Kila kijiji kina mahali pa kuketi na kuonja. Bonn ilikuwa makao makuu ya nchi, mji wa vikao kama wetu, na hakuna aliyesema kwa kuwa pana vikao basi pasiwe na kitu kingine.

Julai 2021 mafuriko yalilipiga bonde hilo, yakaua zaidi ya watu 130 na kuyafunika maghala ya mvinyo kwa tope. Wakulima walifanya nini? Waliokota chupa zilizosalimika, wakaziuza na tope lake likiwa limegandia kwenye kioo, na michango ikapita euro milioni 4. Tope! Sisi tuna mavuno mawili kwa mwaka, tumeshindwa hata kuweka kibao.

Na historia? Hapo ndipo ninapoishiwa uvumilivu. Ugogo yote, yaani nchi hii ya Dodoma, ni njia ya miguu. Kabla ya reli ya Wajerumani kufika Dodoma mwaka 1910, kila kitu kilichotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na kila pembe ya ndovu na kila mtumwa aliyeburutwa kwenda pwani, vilipita nchi hii kwa nyayo. Misafara ilijaza maji Mpwapwa na Chunyo, ikaivuka mbuga kavu ya Marenga Mkali, ikafika Mvumi midomo imepasuka, na pale watemi wa Kigogo wakatoza hongo kwa kila mzigo ndipo visima vifunguliwe. Burton na Speke walilipa mwaka 1857. Stanley alilipa mwaka 1871, akalalamika. Wagogo walikuwa wakiwatoza wageni kwa kutembea Dodoma miaka mia moja kabla ya mtoa mada wetu kuzaliwa.

Mwaka 2006 Tanzania yenyewe iliipeleka njia hii UNESCO kwenye orodha ya awali: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Mwaka huo huo michoro ya miambani ya Kondoa ikaingia kwenye orodha kamili ya urithi wa dunia. Pale Kolo huifikii michoro ukiwa umekaa, lazima upande kilima. Serikali ikasaini karatasi, ikapiga picha, ikarudi kwenye simba.

Hata Kongwa, humu humu mkoani, sina haja ya kuisifia. Waingereza walikuja mwaka 1947 kulima karanga kwa matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita, mibuyu na udongo mgumu vikawashinda, na mwaka 1951 wakafungasha wakiwa wameteketeza paundi milioni 36. Miaka ya sitini, hapo hapo, wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC na SWAPO wakapiga kambi. Wanafunzi wa Afrika Kusini wangelala njiani kwa zamu wapaone. Wa kwetu wanapelekwa Mikumi kuhesabu nyani.

Najua wasomaji wangu. Kuna mmoja ameshaanza kuandika: "Na jua je?" Jua! Huyu ndiye aendaye Dubai mwezi Agosti kununua mapazia. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai asubuhi watu hapa huvaa makoti, na wazee hujifunika mablanketi mpaka saa tatu. Tembea alfajiri, saa nne uwe umekaa chini ya mbuyu na glasi ya mvinyo mkavu au, kama dini yako hairuhusu, sahani ya zabibu. Mwingine atauliza nyoka. Nyoka yuko hata Oysterbay.

Sababu ya kweli hawaisemi. Njia ya miguu haihitaji lami wala mkandarasi, haihitaji mshauri mwelekezi wala V8 ya kwenda kuikagua. Inahitaji rangi kwenye mawe, vibao, choo kisafi, kijana wa kijiji anayejua habari za babu zake, na mama aliyeruhusiwa kuuza kikombe bila kufukuzwa na mgambo. Mradi wa namna hiyo asilimia kumi yake ni shilingi ngapi? Hainunui hata tairi.

Na sasa kwa shemeji. Wakati tunajadiliana kama Dodoma ina vivutio, vivutio vinapimwa viwanja. Kila nikipita naona mashamba yaliyokuwa na nguzo na waya, leo yana vigingi vya upimaji na matofali. Vilima vya mawe vinapigwa nyundo kuwa kokoto. Njia ambazo ng'ombe na watu walizipita tangu enzi za misafara zinaishia kwenye ukuta wenye geti jeusi na mlinzi aliyelala. Mkulima naye anauza kwa sababu kiwanda kikichelewa kununua, zabibu zinaoza kichanjani, bei inaporomoka, na mtu wa kiwanja anakuja na fedha taslimu. Kama watembeaji wangepita shambani kwake wikiendi kwa wikiendi wakinunua kishada, juisi, chupa, angekuwa na sababu ya kumwambia mtu wa kiwanja arudi kwao. Bila hivyo anauza, na tutabaki kulewa mvinyo wa Stellenbosch kwenye kumbi za harusi huku MC akitukaribisha "katika mji wa zabibu".

Treni tangu 2024 inakufikisha hapa kutoka Dar kwa saa tatu na ushee. Mavuno huanza Februari na Agosti. Vaa viatu vya soli nene, kandambili acha nyumbani, maana mbigili za Mpunguzi zinapenya mpaka kwenye mfupa.