Dalali na Ujira Wake



Juma lililopita, darsa ya kina mama ilipomalizika, alitujia mama mmoja mkaazi wa Likoni na jambo lililomkaa moyoni. Binti yake amepata nafasi ya kusoma Thika. Mama alifunga safari pamoja na binti huyo kwenda kutafuta chumba, wakapokewa na kijana aliyejitambulisha kuwa ni dalali wa nyumba. Kabla ya kunyanyua mguu, kijana alitaka shilingi 1,000 za kuonyesha nyumba. Akalipwa. Nyumba ya kwanza ilikuwa na mpangaji ndani, anapika chakula chake cha mchana. Ya pili ilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo hajulikani aliko. Kijana akasema anakwenda mara moja kuuchukua ufunguo wa nyumba ya tatu, na tangu siku hiyo simu yake haipatikani.

Mama akatuuliza: "Hawa madalali wana haki gani ya kula jasho letu?" Tulimwahidi kwamba tutaliandika suala lake hapa, kwani tunajua si yeye pekee aliyefikwa.

Familia nyingi za huku pwani sasa zina jambo Thika na Ruiru. Mwana anasoma katika chuo kikuu cha Mount Kenya pale Thika, au cha Jomo Kenyatta pale Juja, katikati ya miji hiyo miwili. Mwengine amepata kazi Nairobi, na kodi za Nairobi zimemshinda. Mwengine ana akiba kidogo na ameambiwa kwamba huko ndiko pa kununua kiwanja. Tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, mashamba yaliyokuwa ya kahawa yamekuwa majumba ya ghorofa, na hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliikuta Ruiru ina zaidi ya watu 490,000. Mji unaokua kwa kasi hivyo humchanganya hata mwenyeji, sembuse mgeni aliyeshuka garini na mkoba mkononi. Mgeni huyo ndiye riziki ya dalali.

Kwanza tuliondoe jambo moja. Udalali wenyewe si kazi ya aibu. Imamu Bukhari, katika mlango wa kuajiri, ametaja kwamba Ibn Siirin, Ataa, Ibrahim na Al-Hasan hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Na imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakuta sokoni watu waliokuwa wakiitwa madalali, akawaita kwa jina bora zaidi, jina la wafanyabiashara, kisha akawaonya kwamba biashara huingiwa na maneno ya upuuzi na viapo, basi waichanganye na sadaka. Kwa hivyo suala letu si kama dalali alipwe. Suala ni alipwe kwa kazi gani, na kazi ipi asikabidhiwe kabisa.

Tuanze na nyumba za kupanga, kwani hapo nasi yametufika. Mwaka juzi tulikwenda Ruiru kumtafutia mwanetu nyumba ya vyumba viwili. Dalali tuliyempata alitutembeza kutwa nzima, Kihunguro hadi Kimbo, nyumba tano, kwa miguu na kwa bodaboda. Ya nne ikatupendeza: kodi shilingi 15,000 kwa mwezi, na ujira wake tulikubaliana uwe nusu ya kodi, yaani shilingi 7,500. Tulipokuwa tunatoka, keateka wa nyumba alitunong'oneza: "Rudini kesho bila ya huyu. Nipeni mimi elfu mbili, yaishe."

Usiku ule tulilala kwa jamaa zetu, na hatukulala vizuri. Shilingi 5,500 kwa nyumba yetu si pesa ndogo. Mmoja wetu akasema, dalali amefanya nini hasa? Amefungua mlango tu. Mwengine akasema, kama amefungua mlango tu, mbona sisi hatukuujua mlango huo tulipozunguka peke yetu siku mbili kabla yake? Tukapiga hesabu. Nauli ya daraja la chini ya treni baina ya Mombasa na Nairobi imekuwa shilingi 1,500 tangu mwanzo wa mwaka 2024. Watu wawili, kwenda na kurudi, ni shilingi 6,000, kabla ya matatu ya kufika Ruiru, kabla ya chakula. Angalitukosesha nyumba siku ile, tungalifunga safari ya pili. Kutwa yake moja ilikuwa imetuokolea karibu kiasi kile kile alichotaka. Asubuhi tulimlipa chote.

Tumekisimulia kisa hiki kwa sababu katika malalamiko yetu juu ya madalali, dhulma hii ya pili huwa haitajwi. Dalali hutembea na familia kutwa nzima, kisha familia humzunguka kwa nyuma na kumalizana na mwenye nyumba. Sisi tulikaribia kuifanya, na tulikuwa na maneno mazuri ya kujihalalishia. Aliyetoka jasho ana haki ya ujira wake kabla jasho halijakauka, hata kama jasho hilo ni la kutembea tu.

Sasa turudi kwa mama yetu wa Likoni. Yule kijana hakufanya kazi yoyote. Kuonyesha nyumba yenye mpangaji ndani si kuonyesha nyumba, na pesa aliyoichukua ni mali ya watu iliyoliwa kwa batili. Lakini ingefaa mapatano yawekwe kabla ya safari kuanza: utatuonyesha nyumba ngapi, ziwe tupu na ufunguo upo; ujira wako ni kiasi gani; tutakulipa lini. Dalali wa kweli hukubali kulipwa siku mpangaji anapokabidhiwa ufunguo. Akishikilia ada ya kutembea, basi iwe ndogo, na ikatwe katika ujira wake mkimalizana. Na kodi na dipoziti zisipitie mkononi mwake hata kidogo. Hizo alipwe mwenye nyumba au wakala wake anayejulikana, na risiti itolewe papo hapo.

Tena kuna mambo ambayo dalali hayaoni, kwa kuwa yeye halali humo. Maji huja siku ngapi kwa juma? Njia ya kutoka kituoni ina taa usiku, na binti ataipita saa ngapi akitoka chuoni? Msikiti uko umbali gani? Haya aulizwe mpangaji wa jirani, hasa mwanamke, na aulizwe kando, dalali akiwa mbali. Wenye jamaa waanze kwa jamaa, au kwa kina mama wa msikiti ulio karibu, kwani mara nyingi chumba hupatikana hapo bila ya senti ya udalali. Asiye na mtu, amlipe dalali kwa moyo mkunjufu.

Kununua kiwanja ni jambo zito zaidi. Akikosea mpangaji, hupoteza kodi ya mwezi au miwili. Akikosea mnunuzi, huweza kupoteza mirathi ya baba, dhahabu ya arusi, na mchango wa chama cha miaka kumi.

Tuangalie hesabu. Kiwanja cha shilingi 1,500,000, dalali akitoza asilimia tatu, ujira wake ni shilingi 45,000. Ushuru wa stempu kwa ardhi ya mjini ni asilimia nne, yaani shilingi 60,000. Kwa hivyo dalali mwenye kutaja ujira wake wazi siye anayetufilisi. Anayetufilisi ni yule asiyetaja chochote. Mwenye kiwanja anataka shilingi 1,200,000. Dalali wa kwanza anaongeza yake, wa pili anaongeza yake, na mnunuzi anaambiwa milioni moja na nusu bei ya mwisho. Dawa ya hilo ni moja: mnunuzi amwone mwenye kiwanja uso kwa uso, amsikie kwa kinywa chake bei anayoitaka, na bei hiyo hiyo iandikwe katika mkataba. Dalali anayekataa wawili hao wakutane amekwisha kujieleza.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Mawakala wa Majumba na Ardhi, Sura ya 533 ya sheria za Kenya, imeweka bodi ya kuwasajili mawakala, na inakataza kufanya kazi hiyo bila ya usajili. Wengi tunaokutana nao barabarani hawajasajiliwa. Kwa chumba cha kupanga huenda mtu akalifumbia jicho hilo. Kwa kiwanja, tusione haya kumwambia mtu atuonyeshe cheti chake cha usajili.

Lakini hata dalali aliyesajiliwa, mwaminifu, mwenye kuswali safu ya kwanza, hulipwa biashara ikimalizika. Isipomalizika, hapati kitu. Haiwezekani mtu huyo huyo awe ndiye wa kutuambia "msinunue". Si kwamba lazima atudanganye. Ni kwamba tumempa kazi mbili zinazovutana, na moja ndiyo inayomlisha. Hapa ndipo kina mama wengi walipoumia: walimlipa dalali kwa kutafuta, wakadhani wamemlipa kwa kuchunguza.

Kuchunguza kuna watu wake, nao hulipwa ujira wao biashara ikipita au isipite. Wakili, ambaye tumemchagua sisi wala si yule wa muuzaji, atafanya sachi katika sajili ya ardhi kujua jina la mwenyewe na kama kuna deni au zuio. Sovea ataonyesha mawe ya mipaka, kwani hutokea mtu akaonyeshwa kiwanja kizuri kando ya barabara, ilhali nambari iliyo katika hati ni ya kiwanja kingine bondeni. Kama ardhi ingali ya kilimo, na mashamba mengi ya huko yalikuwa hivyo, panahitajika idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na isipoombwa katika muda wa miezi sita mapatano huwa batili. Kama muuzaji ana cheti cha hisa cha kampuni ya kununua mashamba, tujue kwamba hisa si hatimiliki. Kama mwenye hati amekwisha kufariki, tuone karatasi ya mahakama kuhusu mirathi kabla ya kuona bei. Na kama ni nyumba ya ndoa, idhini ya mume au mke wa muuzaji iwe kwa maandishi.

Haya si maneno ya kutishana. Oktoba 2023, kule Mavoko, majumba yaliyojengwa kwa miaka yalibomolewa katika ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Wakaazi wengi walisema kwamba walinunua kwa pesa zao na wakapewa makaratasi. Na mwaka huo huo, hapa kwetu Mombasa, katika shauri la kampuni ya Dina Management juu ya kiwanja cha Nyali, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati iliyozaliwa na ugawaji usiofuata sheria haimkingi hata mnunuzi wa baadaye anayesema alinunua kwa nia safi. Maana yake ni kwamba karatasi peke yake haitoshi. Ni lazima kujua asili ya karatasi. Na dalali hana muda wa asili.

Tumalizie na neno kwa dada zetu. Pesa ya mke ni yake, na kiwanja kilichonunuliwa kwa pesa hiyo kiandikwe jina lake, au majina ya wote waliochanga kwa kadiri walivyochanga. Kuandikishana si kukosa imani. Qur'ani yenyewe imetuamrisha kuandika tunapokopeshana. Pesa zipitie benki, kwa jina la mwenye kiwanja au kwa akaunti ya wakili, na kamwe zisitumwe kwa simu ya dalali ati "kushikilia kiwanja kisichukuliwe na mwengine". Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, mama yetu wa Likoni, jibu letu ni hili. Dalali anastahiki ujira wake wote akikupunguzia njia, na umlipe bila ya kumzunguka. Hastahiki senti kwa mlango usiofunguka. Na usimlipe yeyote kati yao kwa kazi ya kukulinda, kwa kuwa kazi hiyo hawezi kuifanya, hata akitaka.

Binti yake, alhamdulillahi, amepata chumba. Mama mmoja wa msikitini huko Thika alimwonyesha, na alipotaka kumpa kitu akakataa. Shilingi 1,000 hazijarudi.

Tukutane juma lijalo, inshaAllah. Wabillahi tawfiq.