Kamera Kuukuu Zisiuzwe!



Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii nawapa wenzetu wanaotaka kamera mbili kuukuu zilizomo kabatini mwa chama chetu ziuzwe kwa wanunuzi wa vyuma, ati kila mtu siku hizi ana simu. Mimi napinga, na sababu ninazo.

Kwanza tuzijue. Moja ni Zorki-4, aina iliyoanza kuundwa katika Muungano wa Kisovieti mwaka wa 1956. Lenzi yake, Jupiter-8 ya milimita 50, ilitokana na lenzi ya Kijerumani, Zeiss Sonnar, aliyoibuni Ludwig Bertele kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ya pili ni Yashica Electro 35 ya Japani, aina iliyotoka mwaka wa 1966. Zote mbili ni kamera za kupimia umbali. Unachungulia kidirishani, unaona taswira mbili za kitu kimoja, kisha unazungusha lenzi mpaka zilaliane ziwe moja.

Kweli, zina ukaidi. Kidirisha si lenzi, kwa hivyo ukisahau kutoa kifuniko utaona kila kitu sawasawa, lakini filamu itatoka tupu. Kwa Zorki, ukimkaribia mtu, usipoinua kamera kidogo utamkata kichwa. Jupiter haikubali kitu kilicho karibu kuliko mita moja, na duara lake la kupunguza mwanga halina vituo. Kidole kikiligusa tu, limeteleza. Kwenye Zorki nayo, vuta filamu kwanza ndipo uchague kasi. Ukianza na kasi, waweza kuharibu mtambo.

Lakini hebu tuangalie picha zenyewe. Mwaka jana tulikwenda Kenyatta Market kupiga picha za jarida hili. Tulimpiga msusi mmoja kwa simu, kisha kwa Zorki. Kwenye simu kila kitu ni kikali: nywele, kuta, mabango, mpaka moshi wa nyama choma. Jicho halijui litue wapi. Kwenye Zorki, lenzi ikiwa wazi kabisa, vidole vya msusi na mistari ya nywele vinaonekana wazi, na vibanda vya nyuma vimeyeyuka. Mwanga wa mlangoni umetanda kama shela. Wengine wanaita hiyo kasoro. Mimi naiita tabia, kwa sababu ukiipunguza mwanga lenzi hiyo hiyo mpaka namba 8, inakuwa kali vya kutosha. Ni juu yako kuchagua.

Kuna jambo kubwa zaidi. Kamera hizi haziwezi kuiba picha kwa haraka. Ni lazima usimame, umwamkie mtu, umwombe ruhusa, ndipo upime. Mama mmoja pale sokoni alituambia, "Nyinyi angalau mmeomba. Wengine huja na simu, wanatupiga tukiwa tumeinama, wanaenda zao." Je, wenzangu, si adabu hiyo ndiyo tunayoihubiri katika chama hiki kila wiki?

Mtasema filamu ni ghali. Naam, ni ghali. Basi tununue moja tu kila muhula; ina picha 36, na kila moja itapigwa kwa kufikiri. Tena Jupiter hufunguka kwa kuzungushwa, na kwa pete ya kuunganishia yaweza kufungwa kwenye kamera nyingi za kisasa zisizo na kioo ndani. Lenzi ya Yashica haitoki. Ukiuza kamera umeiua na lenzi yake. Kinachohitajika ni kabati kavu tu, maana unyevu huotesha ukungu ndani ya vioo.

Chuma cha kamera zote mbili hakifiki hata kilo mbili. Tutapata pesa za soda, bwana, halafu basi! Nawaomba wanachama wote, pendekezo hilo likiletwa mkutanoni, tulikatae kwa sauti moja.