Mandhari ya kupendeza ni jasho la nani?

Lipo neno moja ambalo walimu wa Kiswahili hulipenda mno katika insha za wanafunzi wao, nalo ni 'mandhari'. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake unahusu kutazama. Mandhari, basi, ni kile kitazamwacho. Neno lenyewe humweka mtu pembeni, mikono imetulia, macho tu ndiyo yanayofanya kazi. Halituambii ni nani aliyelima, ni nani aliyepogoa, wala ni nani aliyezibua mtaro maji yakapita. Nimelitafakari sana neno hili tangu mwezi wa Agosti mwaka wa 2025, moto ulipoteketeza hekta zipatazo 16,000 katika vilima vya Corbières, kusini mwa Ufaransa, sehemu ambayo waendeshaji baiskeli kutoka pembe zote za dunia huisifu kwa mandhari yake.

Sehemu hiyo si ngeni kabisa machoni pa Mkenya. Kila mwezi wa Julai wapo miongoni mwetu wanaokaa mbele ya runinga kutazama mashindano ya Tour de France, hasa tangu Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyenolewa na David Kinjah katika barabara za Kikuyu, aliposhinda mara nne kati ya 2013 na 2017. Mnamo Julai 2016 msafara ulitoka Carcassonne kwenda Montpellier, upepo ukivuma kwa ubavu na kulikatakata kundi. Froome, akiwa amevaa jezi ya manjano, alichomoka pamoja na Peter Sagan na wenzao wawili, akajiongezea sekunde chache ambazo hakuna aliyezitarajia katika siku ya barabara tambarare. Kamera ya helikopta ilituonyesha mizabibu pande zote mbili. Hatukuonyeshwa mwenye mizabibu.

Septemba 2024 nilipata fursa ya kuipita nchi hiyo mwenyewe, kwa baiskeli ya kukodi na bila haraka yoyote. Njia huanzia Toulouse na kuufuata Mfereji wa Midi, ambao una urefu wa kilomita 240 hadi kwenye ziwa la chumvi la Thau, karibu na bahari ya Mediterania. Kilomita 50 hivi za mwanzo zina lami laini kama meza. Baada ya hapo niliyoipata ni njia ya udongo na changarawe, mizizi ikiwa imeinua ardhi hapa na pale, na mwenye matairi membamba hana budi kushuka au kutafuta barabara ya kijijini. Ukienda mashariki, upepo uitwao Cers hukusukuma mgongoni. Ukirudi, huwa ni upepo wa omo, kama wasemavyo mabaharia wa pwani yetu, na gia zote huonekana kuwa chache.

Mtu akiona maji yale yaliyotulia huweza kudhani ni mto. La hasha. Mfereji huo ulichimbwa kwa mikono ya maelfu ya vibarua, wanaume kwa wanawake, kati ya 1666 na 1681. Aliyeubuni, Pierre-Paul Riquet, alikuwa mkusanyaji wa kodi ya chumvi; alifariki mwaka wa 1680, miezi michache kabla ya kazi yake kukamilika. Tatizo lililowashinda waliomtangulia lilikuwa hili: mfereji unaopanda mgongo wa nchi utapata wapi maji huko juu? Riquet aliyakusanya maji ya vijito vya milima ya Montagne Noire, akayahifadhi katika bwawa la Saint-Ferréol, kisha akayaongoza hadi Naurouze, penye kimo cha mita 189, ambapo hugawanyika, mengine yakielekea Atlantiki na mengine Mediterania. Kwa hiyo anayepita bondeni amestarehe, miguu ikizunguka kwa wepesi, ana deni kwa vilima anavyoviona kwa mbali upande wake wa kushoto.

Hata njia ya kando haikutengenezwa kwa ajili ya baiskeli. Ilikuwa ya farasi waliovuta mashua. Reli ya kutoka Bordeaux hadi Sète ilipokamilika mwaka wa 1857, mfereji ulipata mshindani. Mwaka uliofuata serikali ikaukodisha kwa kampuni ile ile ya reli kwa miaka 40. Fisi alikabidhiwa bucha. Biashara ya mashua haikupona tena sawasawa, na katika karne iliyopita mizigo ilihamia kwenye malori. Njia ilisalimika kwa kuwa ilibaki kuwa mali ya umma, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kujikatia kipande chake akajenga duka. Baiskeli zimerithi njia ya farasi. Mwaka wa 1996 UNESCO iliuingiza mfereji katika orodha ya urithi wa dunia.

Urithi huo umeanza kupukutika. Fahari ya mfereji ilikuwa miti ya mplatani ipatayo 42,000, ambayo mingi yake ilipandwa katika karne ya 19 ili kushikilia kingo na kutoa kivuli. Mwaka wa 2006 iligunduliwa kuwa imeingiliwa na kuvu asiye na dawa, ambaye inasemekana alifika Ufaransa ndani ya mbao za masanduku ya risasi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mti ukiambukizwa hukatwa na kuchomwa, pamoja na majirani zake. Zaidi ya nusu imekwisha kuondolewa, na miche ya aina mbalimbali inapandwa mahali pake. Nilipita sehemu ndefu ambako jua lilinipiga utosini kana kwamba niko Magadi, huku kijitabu changu cha watalii kikiendelea kuniahidi kivuli.

Hayo ya miti yanajulikana sana, kwa kuwa miti iko kando ya maji na watalii wanaiona. Ya mizabibu hayasemwi sana. Ukiuacha mfereji karibu na Homps au Le Somail unaingia katika nchi ya mvinyo: kaskazini Minervois, inayopanda polepole kuelekea Montagne Noire; kusini, ng'ambo ya mto Aude, Corbières. Hapo Argeliers ndipo Marcelin Albert alipoanzisha maandamano ya wakulima mwaka wa 1907, bei ya mvinyo ilipoanguka. Mamia ya maelfu ya watu walijaa Montpellier, na huko Narbonne askari wakawafyatulia watu risasi na kuwaua kadhaa. Shida ya leo ni ya namna nyingine. Mwaka wa 1960 Mfaransa wa wastani alikunywa zaidi ya lita 100 za mvinyo kwa mwaka. Siku hizi hafikishi hata nusu ya kiasi hicho. Ndipo serikali ilipofungua, mwaka wa 2024, mpango wa kumlipa mkulima euro 4,000 kwa kila hekta ya mizabibu atakayoing'oa.

Mzee mmoja niliyemkuta akivuna huko Minervois aliniambia alikuwa akingoja mpango huo utangazwe rasmi ili ang'oe hekta mbili za mteremkoni. Za bondeni angebaki nazo, kwa sababu trekta hufika. Hakuwa na huzuni ya kuigiza. Alikuwa akipiga hesabu, kama afanyavyo mkulima yeyote.

Hesabu hiyo ndiyo inayonirudisha kwenye moto. Shamba la mizabibu lililolimwa vizuri halina nyasi kavu, na majani yake huwa mabichi katika kilele cha kiangazi. Moto ukilifikia hupungua kasi, na mara nyingi hukwama. Likiachwa, baada ya miaka michache huota vichaka vyenye mafuta vinavyowaka kama kibiriti. Tarehe 20 Julai 2025 Tour de France ilimaliza hatua yake Carcassonne kwa shangwe kuu. Siku 16 baadaye moto ulizuka karibu na Ribaute, si mbali na hapo, ukala vilima hivyo kwa kasi ya kutisha, ukaunguza makumi ya nyumba na kumwua mama mmoja. Ukame, joto na upepo vilichangia, hapana shaka. Lakini mameya na wakulima wa huko walisema waziwazi kuwa moto ulipita palipokuwa zamani na mizabibu.

Wapo watakaojibu kwamba mvinyo umepitwa na wakati, na kwamba utalii wa baiskeli utaziba pengo. Sikubaliani nao. Fedha za mwendesha baiskeli hubaki kando ya mfereji, katika nyumba za kulala wageni na mikahawa. Kwa mkulima wa mteremkoni atanunua chupa moja, mbili akijikaza, maana mzigo wa chupa mlimani si mzaha. Na hao watalii watakuja kutazama nini, mashina yaliyoungua?

Kama mwanaisimu sikuweza kutolitazama jambo jingine. Jina Languedoc maana yake ni lugha ya 'oc', yaani lugha ya watu ambao 'ndiyo' yao ni 'oc'. Vibao vya barabarani huko vimeandikwa Kifaransa na chini yake Kioksitani, na wageni huvipiga picha. Katika siku nzima za safari yangu sikumsikia hata mtoto mmoja akikisema. Wazee wao walivishwa kipande cha mti shuleni walipokutwa wakisema lugha ya nyumbani, wakilazimika kumnasa mwenzao ili wampokeze. Walimu wa kwetu wanaoikumbuka diski hawahitaji kufafanuliwa. Lugha hiyo nayo imegeuzwa mandhari.

Wale waendeshaji baiskeli wa Nairobi wanaopanda kuelekea Kiambu alfajiri ya Jumapili, wakipita kati ya mikahawa inayozidi kupungua na vigingi vya viwanja vinavyouzwa, wanalielewa jambo hili labda kuliko wataalamu wa utalii.

Kuhusu Corbières, rai yangu ni kwamba mizabibu iliyo kati ya kijiji na msitu isihesabiwe kwa lita za mvinyo peke yake. Ihesabiwe kama ukanda wa kuzuia moto, na anayeitunza alipwe kila mwaka kwa kazi hiyo, kama alipwavyo mzimamoto. Fedha za kung'oa zimepatikana. Za kulinda kisichong'olewa zitafutwe kabla ya kumwaga lami zaidi kwenye njia ya baiskeli, hata kama sisi wenye matairi membamba tutaendelea kushuka na kusukuma.